Uchaguzi wa Dansi ya Arusi

Bwana arusi na bibi arusi wanapotakiwa kufungua dansi ukumbini, aghalabu huchagua walzi. Hoja yao ni fupi: walzi ni dansi ya kale, ya heshima, isiyoweza kumwudhi mkwe wala mchungaji. Rumba huachiwa saa za usiku mwingi, wazee wakishaondoka. Zipo jamaa nyingi, hasa za pwani, ambazo wanaume na wanawake hawasherehekei pamoja, na kwao shauri hili halizuki. Lakini zile zinazokutana katika ukumbi mmoja hubishana juu yake kwa uchungu, na yafaa kuuliza kama historia ya dansi hizi mbili yaukubali mgawanyo huo.

Walzi ilianza katika ngoma za wakulima wa Austria na Ujerumani ya kusini, na jina lake latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuzunguka. Mabwana na mabibi wa Ulaya katika karne ya 18 walicheza minueti, ambayo ndani yake watu wawili husogeleana, huinamiana, hupeana mikono, kisha huachana. Walzi ilikuja na jambo jingine. Mwanamume aliuweka mkono wake mgongoni au kiunoni mwa mwanamke, wakaelekeana uso kwa uso, wakazunguka hivyo mpaka muziki ukome. Shtaka lote lilikuwa hapo. Lord Byron, ambaye mwenendo wake mwenyewe haukuwa kielelezo kwa vijana, alitoa shairi la kuidhihaki mwaka 1813. Na hapana budi kukumbuka kwamba alikuwa na kilema cha mguu. Mwezi Julai 1816, walzi ilipochezwa katika dansi ya mwana wa mfalme aliyekuwa akitawala Uingereza kwa niaba ya baba yake, gazeti la The Times la London lilikasirika. Liliwaonya wazazi juu ya kuwaweka binti zao karibu na dansi hiyo, kama mtu aonyavyo juu ya ugonjwa wa kuambukiza.

Nini kiliisafisha walzi? Kumbatio halikubadilika. Miaka ilipita, waliolaumu walikufa, na Vienna ikatoa watungaji ambao hakuna aliyeweza kuwadharau. Johann Strauss mwana alitoa Danube ya Buluu mwaka 1867. Tena, walzi ya taratibu wanayofundishwa maarusi wengi wa leo si hiyo ya Vienna. Ilipata umbo lake mikononi mwa walimu na washindani wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwamo Victor Silvester, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1922. Walzi ya Vienna huenda vipimo 60 hivi kwa dakika, kila kipimo mapigo matatu, yaani hatua 180; ya Kiingereza huenda nusu yake. Bibi arusi mwenye vazi la kuburura na aijue tofauti hiyo kabla ya siku yenyewe.

Rumba nayo ilitoka Cuba, kisiwa ambacho utumwa ulikomeshwa mwaka 1886, na miongoni mwa watumwa waliopelekwa huko walikuwamo wengi wa bonde la Kongo. Kusema kweli, muziki uliouzwa kwa jina la rumba ulikuwa son; jina la rumba lilipendwa na wauza santuri. Wimbo wa El Manisero, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazú, ulifika Afrika miaka michache baadaye katika santuri zenye alama ya GV. Wapiga muziki wa mito ya Kongo walisikia humo kitu wanachokijua. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, OK Jazz ikafuata mwaka 1956, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Dar es Salaam haikungoja Kongo: Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na vijana wa mji walicheza fokstroti, walzi na rumba bila kuzipanga kwa daraja za adabu.

Wazee wanaochukia dansi wana sababu isiyofaa kuchekwa. Katika ngoma zetu nyingi wanaume na wanawake hupanga mistari au huzunguka duara, wala hawakumbatiani, sembuse mbele ya wakwe. Lakini sababu hiyo huielemea walzi zaidi kuliko rumba. Katika walzi ya ukumbini miili hukaribiana mpaka kugusana. Katika rumba ya ukumbini pana nafasi kati ya wachezaji, na mara nyingi hushikana mkono mmoja tu. Anayeichagua walzi kwa kumstahi mkwe amechagua kumbatio lililo kubwa zaidi.

Mimi naipendelea rumba. Maarusi wanaopenda walzi na waicheze kwa kuwa waipenda, nao wawe tayari kutazamwa, maana katika walzi wageni hukaa vitini wakihesabu makosa. Rumba ikipigwa, ubeti wa pili haujaisha, mashangazi wamekwisha inuka.