Upanga wa Mwarabu, Chuma cha Nani?

Kinyangiri, wilayani Mkalama, niliwahi kuonyeshwa upanga ambao wenyewe wanauita "wa Mwarabu". Basi, imetosha. Kumbe hilo ni jina tu, asili yake ni habari nyingine.

Tuanze na umbo. Bapa limenyooka, lina makali pande zote mbili. Kipini ni cha mviringo kama mchi mdogo, hakina kikinga vidole. Kamusi za zamani za Kiswahili zinauita upanga wa feleji, tofauti na upanga wa imani, ulio mfupi na wenye kipini cha msalaba. Wa feleji ndio unaoonekana mikononi mwa Waomani wa Unguja katika picha za karne ya 19, na huko Oman wanaume bado wanaucheza kwenye razha.

Wengi huishia hapo: kipini cha Oman, basi upanga wa Oman. Lakini kipini na bapa si lazima wawe wa mama mmoja. Mabapa mengi yalifuliwa Ulaya, hasa Solingen, Ujerumani, yakauzwa bandarini, kisha mafundi wa Oman na Unguja wakayatia vipini na ala. Bapa likazeeka, likabadilishiwa kipini, safari ikaendelea.

Je, alama? Wafuaji wa Solingen waligonga sura ya mbwa mwitu anayekimbia. Alama hiyo iliaminika mno, hata mafundi wa nchi nyingine wakaiiga. Ukiikuta, usishangilie mapema.

Kufika huku si muujiza. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini mwa hapa, na mwaka 1875 Stanley alikatiza Ituru na Iramba akielekea ziwani. Silaha zilifuata njia hizohizo.

Sasa, umri una kazi gani? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa malikale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Ndiyo maana mnunuzi mjanja atakwambia, "Hiki cha juzi tu, mzee," huku akihesabu noti.

Kwa hiyo, ukiwa na upanga wa babu, usiusugue kwa msasa wala kuubadilishia kipini. Kutu na ngozi iliyochakaa ndiyo mashahidi wake. Piga picha, kisha uupeleke kwa watu wa makumbusho kabla hujasikia bei ya mtu yeyote.