Kifyatulio cha bastola: Kinachotokea kidole kikivuta

TAARIFA za polisi mara kwa mara husema kwamba mshukiwa alipatikana na bastola aina ya Ceska. Jina hilo hudokeza silaha ilikobuniwa, nchini Czech, lakini halielezi jambo ambalo mwenye bastola hupaswa kulijua kwanza: kidole kikivuta kifyatulio, ndani hutokea nini?

Katika kila bastola, springi hukazwa kisha ikaachiliwa ili pini igonge kitako cha risasi. Mifumo hutofautiana katika namna springi hiyo inavyokazwa, na wakati wa kukazwa kwake.

Mfumo mkongwe ni wa tendo moja, ambapo kifyatulio huiachilia tu nyundo iliyokwisha kukazwa. Aliyetumia rivolva ya Colt ya mwaka 1873 aliivuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Kwa kuwa kazi ya kifyatulio ni ndogo, huwa chepesi, na shabaha huwa nzuri.

Katika tendo maradufu, kidole huirudisha nyundo nyuma na pia kuiachilia. Mvuto huwa mrefu na mzito, hivyo si rahisi risasi kutoka kwa bahati mbaya. Hata hivyo, mkono hutikisika.

Bastola ya CZ 75, iliyobuniwa na ndugu Josef na František Koucký mwaka 1975, huchanganya mifumo hiyo miwili. Nyundo ikiwa chini, risasi ya kwanza huhitaji mvuto mzito. Ikishatoka, sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma na kuikaza nyundo, na kuanzia hapo mvuto huwa mwepesi. Hapa ndipo penye hatari. Mtu ambaye amefyatua mara moja, moyo ukimdunda, huwa ameshika silaha isiyofanana kamwe na ile aliyoichomoa.

Isitoshe, toleo la awali halina wenzo wa kuishusha nyundo. Mwenyewe hulazimika kuizuia kwa kidole gumba huku akivuta kifyatulio, na risasi ingali chembani. Kidole kikiteleza, risasi hutoka.

Glock, iliyoidhinishwa na jeshi la Austria mwaka 1982, haina nyundo. Pini yake hukazwa nusu, na kifyatulio humalizia kwa mvuto usiobadilika wa takriban kilo 2.5. Kufuli lake la nje ni kijiwenzo kilicho juu ya kifyatulio chenyewe, kwa hivyo hata ncha ya shati iliyonaswa humo bastola ikirudishwa kwenye ala yaweza kuifyatua. Polisi wa New York walipoanza kuzitumia bastola hizi katika miaka ya 1990, walidai springi ngumu zaidi, ya zaidi ya kilo 5.

Vilevile, Glock haifunguliwi kusafishwa kabla ya kifyatulio kuvutwa. Aliyetoa magazini akadhani bastola i tupu, ilhali risasi moja imesalia chembani, huifyatua mezani pake mwenyewe.