Sakafu ya Mawe na Chokaa

Aizuruye Kilwa Kisiwani hutazama kuta na matao. Ni nadra kuiangalia sakafu aikanyagayo. Walakini ufundi wa waashi wetu huanzia miguuni. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina nyua na ngazi zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Ufundi huo ulidumu pwani kwa karne nyingi. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la kuni hata yakawa chokaa. Chokaa ikachanganywa na mchanga na kokoto, ikatandazwa. Huko Zanzibar, katika karne ya 19, watu walijipanga safu wakaitwanga sakafu kwa vipande vya miti, wakifuata mwendo wa nyimbo, mpaka ikashikamana. Miongoni mwao walikuwamo watumwa. Basi tuusifupo ufundi, tusilisahau jasho lao.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini, na baada ya matengenezo yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Matengenezo ya namna hii yana kanuni yake: chokaa huruhusu unyevu kutoka, bali saruji huuzuia, na jiwe lililo chini yake likamomonyoka.

Kwa hiyo kuhifadhi jengo pekee hakutoshi. Yatupasa kuhifadhi na maarifa ya kulitengeneza, kwani fundi asiyerithiwa huondoka na nyumba yake.