Kutoka Jina la Kanga hadi Kitenzi cha Simu

Wafanyabiashara wa kanga wa Pwani ya Afrika Mashariki walikwisha kutambua, mapema katika karne ya 20, jambo ambalo maofisa masoko wa leo hulitaja kana kwamba ni uvumbuzi wao: mnunuzi hununua bidhaa na neno kwa pamoja. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana kwa alama yake, "Mali ya Abdulla". Hata hivyo, kilichomvuta mnunuzi kilikuwa lile jina la kanga, yaani usemi uliochapwa kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi. Mwenye duka hakudai umiliki wa usemi huo. Aliuazima kwa wasemaji, nao wakaurudisha katika ugomvi wao, mapenzi yao na mafumbo yao.

Skrini ya simu haina nafasi ya usemi mzima. Inataka neno moja, tena lenye kutenda. Ndipo kampuni ya Safaricom ya Kenya, iliyozindua M-Pesa Machi 2007, ilipoegemea hali ya kuamuru: Sambaza, ya kugawiana muda wa maongezi, Okoa Jahazi, ya kukopa muda huo, na Fuliza, iliyokuja mwaka 2019, ya kumwezesha mteja kulipa zaidi ya salio lake. Baina yake ilizinduliwa M-Shwari, mwaka 2012, huduma ya akiba na mikopo. (Mkopo na bahari shwari havijapata kuwa ndugu, lakini hilo ni suala la wanauchumi.) Neno hilohilo sasa ni tangazo, ni kitufe cha kubonyeza, na ni neno la kutafutia mtandaoni.

Fuliza ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi. Kitenzi hiki, jamaa wa karibu wa fululiza, hakikuwa na matumizi mapana katika mazungumzo ya kila siku. Leo Mkenya asemapo "nimefuliza", haelezi kwamba ameendelea na jambo bila kukoma, bali kwamba ametumia fedha asizokuwa nazo na sasa anadaiwa. Chapa imepokea kiambishi cha nafsi na cha wakati. Imenyambulika kama kitenzi kingine chochote. Maana ya zamani imebanwa kando na maana yenye mwenyewe.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Huduma inayofanana na M-Shwari, iliyoanzishwa na Vodacom mwaka 2014 kwa ushirikiano na benki ileile ya CBA, ilipewa jina la M-Pawa. Tigo Pesa, iliyoanza mwaka 2010, ilibadilishwa mwaka 2024 ikawa Mixx by Yas. Yaelekea kwamba mahali ambapo Kiingereza ndicho lugha ya hadhi ofisini, Kiswahili huuza ukaribu. Na mahali ambapo Kiswahili ni hewa ya kila siku, neno la kigeni huuza upya. Wasemaji nao hawatii sana: kampuni huandika "kifurushi", vijana husema "bando".

Kwa mhariri wa kamusi, tatizo si la nadharia. Akiingiza maana mpya ya fuliza, ameorodhesha bidhaa ya kampuni moja. Akiiacha, ameacha maana ambayo wasemaji wengi wa Kenya ndiyo pekee waijuayo.