Herufi moja ilimeza sura ya tatu

TFC yangu niliiandika yote kwa telefone. Sisemi kwamba nilianzia kwa telefone halafu nikamalizia kwa kompyuta. Apana. Kurasa 52, kuanzia utangulizi mpaka hitimisho, kwa vidole gumba viwili, katika chumba tulichokodi watu watatu hapa Bukavu. Kompyuta zilikuwa kwa sekretariati pembeni ya iniverisite, na pale unalipa kila ukurasa wanaokuandikia, kwa hiyo nilienda kule paka siku ya kuchapisha. Najua wengi wenu mulifanya vile vile, hata kama hamupendi kulisema mbele ya watu.

Siku moja kabla ya kupeleka kazi, saa tano za usiku, niliona kosa katika sura ya tatu. Neno la Kifaransa «développement», nilikuwa nimeliandika na p moja. Kuongeza p ni kazi ya sekunde mbili, siyo? Nikagusa kati ya herufi. Kile kimstari kinachowakawaka, kurseri, kikaenda kusimama mwanzo wa neno. Nikagusa tena, kikashuka mstari wa chini. Nikakandamiza kidogo, neno lote likageuka bluu na kibao kikatokea: kata, kopi, kole, chagua yote. Nilitaka kukifunga. Nikagusa «chagua yote» bila kuona, na kidole gumba cha pili kilikuwa tayari kinashuka juu ya p. Sura ya tatu, kurasa 17, ikabaki herufi moja: p.

Ile programu ndogo ya kuandikia haikuwa na mshale wa kurudi nyuma, na ilikuwa inahifadhi yenyewe kila unapogusa herufi. Kadogo wangu aliyekuwa amelala pembeni akainua kichwa: «Yaya, uko unalia?» Nikamujibu: «Apana, niko natafuta sura ya tatu.» Nusu yake niliipata katika WhatsApp, juu nilikuwa nimeituma kwa direkteri wangu wiki mbili mbele. Nusu ingine niliiandika upya mpaka asubuhi. Na ndiyo ile nusu ambayo jiri walisema ni dhaifu. Walikuwa na haki.

Kwa muda mrefu nilifikiri kosa ni la vidole vyangu, kwamba ni vinene. Halafu nikaanza kusoma historia ya hiki kimstari, na nikakuta kwamba jambo lililonipata Bukavu lilikuwa limeshapata watu California zaidi ya miaka 40 mbele yangu.

Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, kulikuwa programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Mmoja wa waliyoitengeneza, Charles Simonyi, ndiye baadaye aliongoza kazi ya Word kule Microsoft. Bravo ilikuwa na hali mbili. Katika hali ya kwanza, herufi unayogusa inaandikwa. Katika hali ya pili, herufi ile ile ni amri. Sasa fikiri mutu amesahau yuko katika hali gani, na anaandika neno la Kiingereza «edit». E: chagua yote. D: futa. I: ingiza maandishi. Na t inaingia peke yake. Kazi yote ya siku inabaki herufi moja: t. Kisa hiki kilijulikana sana kati ya watu wa maabara ile. Niliposoma nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Wao t, mimi p.

Aliyechukia mambo haya kuliko wote ni Larry Tesler, aliyeingia Xerox mwaka 1973. Alichukia hali mbili-mbili mpaka akaandika kwenye plaki ya gari lake «NO MODES». Mimi ninachopenda kwake ni namna alivyofanya kazi. Alimukalisha sekretari, mutu mpya ambaye hakuwa amezoea zile mashine, mbele ya kioo tupu, akamwomba aonyeshe namna angependa kusahihisha ukurasa. Kisha yeye na Tim Mott walitengeneza Gypsy, programu ya watu wa Ginn, nyumba ya kutoa vitabu vya shule huko upande wa Boston, na Mott alienda kuwaangalia wale wahariri namna wanavyofanya na kalamu, makasi na gundi. Mule ndimo zilitoka desturi tunazotumia kila siku: unaelekeza kati ya herufi mbili na kurseri inasimama pale, unagusa mara mbili neno linachaguliwa, unavuta na mstari unachaguliwa, unakata, unabandika. Kopi-kole yetu yote, hata ile tunayoitumia vibaya kwa TFC, imepita kwa mikono ya Tesler. Alifariki mwaka 2020.

Lakini angalieni jambo moja. Yote haya yalitengenezwa kwa kipanya, ile tunaita suri. Douglas Engelbart alikionyesha mbele ya watu San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Uzuri wa suri ni kwamba mkono uko mbali na maandishi. Ncha ya mshale ni nukta moja, na hakuna kitu kinachofunika neno unalolitafuta. Kidole ni kinyume kabisa. Pale kinapogusa kina upana wa karibu sentimita moja, na herufi i kwenye telefone haifiki milimita moja. Unafunika kile kile unachotaka kuona.

Na haiko siri mpya. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Ben Shneiderman akiwa mmoja wao, walijaribu vioo vya kugusa ambapo alama inatokea juu kidogo ya kidole, na chaguo linafanyika paka wakati unainua kidole. Watu walikosea kidogo zaidi kuliko kwa kugusa tu. Kwa hiyo dawa ilijulikana miaka 19 mbele ya iPhone.

Telefone za zamani hazikuwa na shida hii. Kwa Nokia mingi za Symbian kulikuwa kitufe cha mishale: unasogeza kimstari herufi moja baada ya ingine. Pole pole, lakini kimstari kinasimama fasi unayotaka. Hata telefone ya kwanza ya Android, ile T-Mobile G1 ya mwaka 2008, ilikuwa na kampira kadogo ka kuzungusha na klavye ya kweli iliyojificha chini ya kioo. Hivi vyote vikaondoka. Kioo kikameza vitufe na mishale.

iPhone ya 2007 ilikuja na kioo cha kukuza, ili uone chini ya kidole. Ni wazo zuri, lakini kopi-kole haikuwamo kabisa mpaka Juni 2009. Miaka miwili! Hii pekee inatosha kutuambia walikuwa wanamfikiria mutu gani: anasoma, anajibu «sawa» na «niko njiani», anaweka telefone mfukoni. Mutu wa kurasa 52 hakuwa katika mawazo yao. Halafu mwaka 2019, na iOS 13, kile kioo cha kukuza kikaondolewa. Watu wakanung'unika, kikarudi mwaka 2021 na iOS 15. Upande wa Android, vile vishikio viwili vya kuvuta vilirekebishwa katika toleo la 2.3, mwisho wa 2010, na kioo cha kukuza kikaja katika toleo la 9, mwaka 2018. Haikuwa mara ya kwanza watu kunyang'anywa kitu na kurudishiwa. Macintosh ya 1984 ilitoka bila vitufe vya mishale, juu Steve Jobs alitaka watu walazimike kutumia suri. Mwaka 1986, kwa Macintosh Plus, mishale ikarudi.

Kwa maoni yangu, shida kubwa haiko unene wa kidole. Ni kwamba zile hali alizofukuza Tesler zimerudi kwa mlango wa nyuma. Kidole kile kile, ukigusa kinasimamisha kimstari, ukikawia kinachagua neno, ukivuta kinapeleka ukurasa juu, ao kinavuta kishikio, ao kinabeba mstari mzima na kuutupa fasi ingine. Tofauti kati ya amri hizi ni nusu sekunde na milimita mbili. Hakuna anayekuambia uko katika hali gani. Bravo angalau ilikuwa na amri zilizoandikwa mahali.

Wengine watasema: «Nunua kompyuta.» Najua. Nilinunua, baada ya kazi ya miezi kumi na moja. Lakini umeme unakatika, na kompyuta inazimika mbele ya telefone. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza leo, kule Uvira ao Kasongo, chombo chake cha kuandikia ni kile alicho nacho mfukoni. Haandiki kwa telefone juu ya uvivu. Tesler na Mott waliketi pembeni ya sekretari na wahariri. Ningependa siku moja mtengenezaji wa klavye hizi aketi pembeni ya mwanafunzi wetu usiku wa mwisho, na mega zikiwa zinakwisha, na amwangalie bila kusema kitu.

Kuko jambo moja ambalo nililijua nikiwa nimechelewa. Kwenye iPhone, tangu iOS 12 ya 2018, kandamiza kitufe kirefu cha nafasi bila kuachia, kisha telezesha kidole: kimstari kinatembea na wewe, na kidole hakifuniki maandishi. Kwa Gboard ya Android, telezesha tu kidole juu ya kitufe kile kile, kushoto ao kuume. Ni ile mishale ya zamani, lakini imefichwa na hakuna alama inayoionyesha. Mimi nilionyeshwa na kijana anayeuza unite.

Kadogo wangu naye sasa anaandika TFC yake, na kwa telefone. Nilimuonyesha kitufe cha nafasi. Akajaribu, akasema: «Yaya, na hii ulikuwa unaificha juu ya nini?» Kila usiku, mbele ya kulala, anajitumia sura yake mwenyewe kwa WhatsApp. Hilo sikumufundisha. Alilijifunza ile usiku aliyoniona nikilia.