Gesi kwenye pikapu ya ami, na historia ya mafuta kwetu Pemba

Najua nimepotea. Kwanza ilikuwa mitihani, halafu likizo, na likizo yenyewe niliimaliza chini ya pikapu badala ya kwenda kupumzika. Leo hapa dakhalia Mchangamdogo umeme upo, mwenzangu wa chumba keshalala, basi acha nikusimulieni. Ni kirefu kidogo, chukua chai.

Ami yangu ana pikapu ya dizeli, injini ya zamani isiyo na tabo. Msimu wa karafuu inabeba karafuu, ukisha msimu inabeba mwani, matofali, wagonjwa, maharusi na kila anaesimama njiani baina ya Konde na Wete. Nikikwambia mimi nimesomeshwa na dizeli, sitanii. Nauli ya kwanza ya kuja chuo ilitoka kwenye kidaftari chake kile chenye mafuta ya grisi. Sasa 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya dizeli ilipanda mpaka Dar es Salaam ikapita shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikaanza kutoa ruzuku. Tangu wakati ule ami hakuwacha kupiga hesabu usiku. Bei ilishuka baadae, lakini wasiwasi haukushuka nayo.

Likizo hii akaja binamu yangu kutoka Muscat. Kaja na zawadi za watoto, udi wa bi mkubwa, na boksi moja zito. Ndani ya boksi: mpira mrefu, rigleta, valvu ya umeme, nozeli ndogo ya shaba na swichi. "Ami," akasema, "hii unaingiza gesi kwenye injini ya dizeli. Nguvu inaongezeka na dizeli inapungua. Marekani wenye pikapu wanafunga sana." Kainunua kwa mshahara wake mwenyewe. Ami akanigeukia mimi. "Haya msomi, unasemaje?"

Jamani, mimi nasoma historia! Spana naijua kwa jina tu. Lakini nikaona haya kusema sijui, nikaomba siku mbili. Nikafanya ninachofundishwa kufanya: nikauliza jambo hili limetoka wapi, na kwa nini watu walilianza.

Kumbe si jambo geni hata kidogo. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambae jina lake tunalitamka kila siku pampuni, injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Mwaka uliofuata, 1898, akaomba Marekani hati ya uvumbuzi, akapewa 1901, juu ya kuchanganya mafuta mawili: moja gumu kuwaka linaingia na hewa, na jengine rahisi kuwaka linapigwa mwishoni ili kuliwasha lile la kwanza. Yaani boksi la binamu, mtu alishaliwaza zaidi ya miaka 120 nyuma.

Siri yake ni hii. Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Ya dizeli haina. Inabana hewa peke yake mpaka inakuwa moto kali, halafu dizeli inapulizwa ndani na kujiwasha yenyewe. Dizeli hujiwasha kwenye nyuzi 200 na kitu. Propane, ambayo ni sehemu ya gesi tunayopikia, inataka zaidi ya 450. Kwa hivyo ukiingiza gesi pamoja na hewa, inakaa inangojea. Dizeli ikiwaka ndio na yenyewe inawaka. Hapo ukaelewa kitu kimoja muhimu: gesi haiiondoi dizeli. Bila ya dizeli injini haiwaki kabisa.

Na hiyo propane yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1910 kule Marekani mwenye gari mmoja alilalamika kwamba petroli aliyonunua inapungua njiani bila kutumika. Mkemia mmoja, Walter Snelling, akaichunguza, akakuta kuna gesi zinapotea hewani, na miongoni mwao ndio propane. Gesi ya majiko ya leo imeanzia kwenye malalamiko ya mteja!

Nilipozidi kusoma nikaona mpango unajirudia. Watu hukumbuka gesi kila mafuta yanapokuwa adimu. Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya haikuwa na mafuta ya kutosha, magari yakafungwa matangi makubwa ya kuchomea kuni na mkaa, moshi wake ukasafishwa na kupelekwa kwenye injini. Zile za dizeli zilifanya vilevile alivyowaza Diesel: gesi ya mkaa pamoja na tone la dizeli la kuwashia. Vita vikaisha, mafuta yakarudi, watu wakang'oa matangi wakayatupa. Hakuna alieyapenda. Walilazimika tu.

Sasa tuje kwetu. Pemba hatuna kisima cha mafuta. Kila lita imevuka bahari. Kwa miaka mingi tuliilipia kwa karafuu, maana baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hichi ndicho kilichobeba zao hilo. Halafu yakaja mawili kwa pamoja. Bei ya mafuta duniani ikaruka mwishoni mwa 1973, ikaruka tena 1979, mwaka ambao Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin. Na miaka ya 80 bei ya karafuu ikaanguka, kwa sababu Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilikuwa ishapanda mikarafuu yake ikajitosheleza. Kinachonunua kimeshuka na kinachonunuliwa kimepanda. Wazee wakikuambia walikwenda kwa miguu Wete kutoka Konde, usidhani walikuwa wanafanya mazoezi.

Umeme nao ulikuwa dizeli. Unguja walivutiwa waya wa baharini kutoka bara mwaka 1980. Sisi tulibaki na majenereta ya Wesha, miaka 30 mizima. Mei 2008 ule waya wa Unguja ukaharibika wakakaa gizani kiasi cha mwezi, na Disemba 2009 tena, kiasi cha miezi mitatu. Sisi tuliocheka tulicheka kwa sauti ndogo, maana Wesha ikikosa mafuta na sisi ndio hivyo hivyo. Mpaka Juni 2010 ndipo ulipozinduliwa waya wetu kutoka Tanga, kilomita 78 chini ya bahari, kwa msaada wa Norway. Nadhani hayo ndiyo mabadiliko makubwa ya mafuta yaliyotokea Pemba katika umri wangu. Angalia yalivyokuja: hatukuchanganya kitu kwenye majenereta, tuliacha kuyategemea.

Nikamwambia ami haya yote barazani baada ya Isha. Akasikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Ahsante mwanangu. Sasa tunafunga au hatufungi?"

Hahaha! Ndio watu wa kazi.

Tukafunga. Ijumaa baada ya sala, mimi, binamu na fundi wa jirani. Tukatoboa bomba la hewa baada ya chujio, tukaingiza nozeli. Valvu ya umeme tukaiunga na ufunguo wa gari, ili injini ikizimwa gesi ikatike. Swichi tukaiweka kwenye pedali, gesi iingie pale tu anapokanyaga sana. Kilichotutatiza ni mtungi. Gari za gesi hasa zina tangi lake, lina valvu ya kuzuia lisijazwe zaidi ya asilimia 80, na rigleta yake inapashwa moto na maji ya rejeta. Boksi letu halikuwa na hivyo vyote. Binamu akasema tutumie mtungi wa jikoni kwa majaribio. Tukaufunga kwa kamba nyuma, umesimama, maana ukiulaza yanatoka maji ya gesi badala ya hewa yake.

Tukaondoka bila ya abiria, ami kakamata usukani. Dakika za mwanzo, wallahi, ile pikapu ilikuwa kijana. Binamu anapiga makofi mlangoni. Mimi nimekaa nyuma na mtungi, nikaona kitu sijapata kukiona Pemba: rigleta inaganda barafu! Jua linawaka na barafu hii hapa. Gesi ikigeuka kutoka maji kuwa hewa inavuta joto la kila kilicho karibu, na kwetu hakukuwa na maji moto ya kulirudisha. Tulipofika kwenye mpando, injini ikaanza kugonga. Ka-ka-ka-ka, kama mtu anapiga nyundo ndani ya sufuria. Injini ishapata moto, mzigo wa kilima umekuja, na gesi imezidi, basi inawaka kabla ya wakati wake na kumpiga pistoni ambae bado anapanda. Ami akaondoa mguu, akazima swichi, akasimama pembeni chini ya mwembe. Hakuna aliesema neno.

Nikashuka. Nikauangalia mtungi, nikaangalia mabao ya kukalia abiria pande mbili. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kiasi cha mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu ikaondoka, inashuka na kutuama palipo chini. Chini pale ndipo wanapokaa kina mama na watoto na magunia, na siku zote hakosekani mzee mmoja mwenye sigara. Binamu akaona ninapoangalia. Akageuza uso.

Usiku nikamfanyia ami hesabu ya mwisho, na hii nakuachieni na nyinyi. Kilo moja ya gesi ina nguvu sawa na lita moja na robo hivi ya dizeli, au zaidi kidogo. Mtungi wa kilo 15, ukitumika wote bila kupotea, unaokoa kama lita 19 za dizeli. Dizeli ikiwa 3,000, hizo ni shilingi 57,000. Basi mtungi ukikufikia Pemba kwa bei hiyo au zaidi hukupata kitu, umebadilisha mfuko tu. Na huo mtungi nao umepanda chombo, umevuka bahari ile ile. Wale wa Dar wanaofunga gesi asilia kwenye bajaji na teksi wana hesabu nyengine kabisa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004, na inawafikia kwa bomba. Isitoshe, nyingi ya gari zile ni za petroli, zina plagi, kwa hivyo gesi inaweza kushika kazi yote. Lao ni sawa kwao. Ukilichukua ukalipandisha meli kuja Mkoani linageuka jambo jengine.

Na lile la kwamba gesi inaifanya dizeli iungue yote? Injini nzima ya dizeli inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta yake bila msaada. Ikitoa moshi mweusi kama ya ami, kuna kitu kibovu.

Kilichonipa tabu ni binamu. Pesa yake, furaha yake, na mimi mtoto mdogo mwenye vitabu ndie niliesimama kusema hapana. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alfajiri nikasikia vyuma nje. Nikatoka, nikamkuta yeye na fundi, boksi lishafungwa, tundu la bomba la hewa lishazibwa, na nozeli nne za dizeli za pikapu zimepangwa juu ya gunia. "Nazipeleka Chake zikapimwe," akasema. "Unakuja au unasoma?"

Nilikwenda. Mbili zilikuwa zinadondosha mafuta badala ya kuyapuliza, zikabadilishwa. Aliyelipa ni yeye, hakukubali ami atoe hata senti. Sasa moshi umepungua sana, na ami anasema kidaftari kinaanza kumcheka vizuri. Boksi liko uvunguni kwa bi mkubwa, na rigleta yenyewe wajukuu wanaichezea.

Kwenye mtihani wa historia huwa tunaulizwa sababu na matokeo. Mimi hili nimelijibu hivi: gesi ndani ya dizeli ni fikra ya kweli, ya mtu mwenye akili sana, na inafanya kazi pale ambapo gesi iko karibu na vifaa vimekamilika. Kwetu shida haijawa injini. Shida ni masafa baina ya gati na kisima. Siku pikapu ya ami itakapokula umeme wa ule waya wa Tanga, nitaandika sura nyengine, inshaallah.

Haya wadau, taa inapepesa, nalala. Kesho nina kipindi asubuhi na sijafungua hata kitabu. Tuko pamoja.