Maradhi ya Kibofu cha Mbwa na Safari ya Tiba Yake

Skuli ya kwanza ya utabibu wa wanyama, iliyoasisiwa na Claude Bourgelat huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, ilikusudiwa hasa kwa ajili ya farasi na ng'ombe, na hao ng'ombe sotoka ilikuwa ikiwateketeza kwa maelfu. Mbwa alibakia kwa muda mrefu mikononi mwa wafugaji na wawindaji, hata mwaka 1817, Delabere Blaine wa Uingereza alipotoa kitabu kizima juu ya maradhi yake.

Dalili za kuambukizwa kibofu hazikuwa siri: mbwa, na aghalabu ni jike, kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mfupi, huchutama kila mara akatoa matone machache kwa tabu, mkojo ukawa na damu au uvundo, naye akajilamba bila kukoma, au akakojoa ndani ya nyumba ilhali amekwisha kufunzwa adabu. Lakini dalili hizo hizo huletwa pia na mawe ya kibofu na uvimbe, na ndiyo maana kutibu kwa kutazama tu kulikuwa ni kubahatisha. Sababu ilianza kudhihirika mwaka 1885, pale Theodor Escherich, tabibu wa watoto, alipokieleza kijidudu cha matumboni ambacho baadaye kilipewa jina lake, na ambacho hata leo ndicho kinachoonekana zaidi katika vibofu vya mbwa wagonjwa.

Dawa ilikawia nusu karne. Mwaka 1935 Gerhard Domagk, Mjerumani, alitangaza habari za Prontosil, rangi nyekundu iliyowaokoa panya walioambukizwa. Na mwaka huo huo wataalamu wa Institut Pasteur, Paris, wakabainisha kwamba ndani ya mwili rangi ile hugeuka kuwa dawa ya sulfa, ambayo figo huitoa pamoja na mkojo. Ilikuwa neema kubwa kwa viumbe wasioweza kusema waumwapo wapi.

Siku hizi tabibu huupima mkojo kwa hadubini, na ikilazimu huuvuta kwa sindano kupitia ngozi ya tumbo, usichanganyike na uchafu wa nje, kisha vijidudu vikaoteshwa ijulikane dawa iwezayo kuviua. Muda wa dawa nao umefupishwa, kwa haki kabisa: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 unatosheka na siku 3 hadi 5 kwa maradhi yasiyo na utata, ambapo zamani ilikuwa desturi kutoa dawa hata wiki mbili, na mbwa mwenye vijidudu katika mkojo asiyeonyesha dalili yoyote, kwa kawaida haandikiwi dawa.